Aliyeingia Harusini Kabla Yangu

Habari hii ni ya kweli na sitaki ubishi. Ukiona sina meno mawili hapa mbele, usidhani ni ajali ya barabarani. Nimeendesha pikapu ya miraa kutoka Maua hadi Nairobi kwa miaka mingi, nimepinduka mara mbili, na sikupoteza hata ukucha. Haya meno yalitoka harusini, mchana kweupe, watu wamejaa uwanjani, na yalitolewa na ngumi niliyorusha mimi mwenyewe kwa mkono wangu huu wa kulia. Ngoja, utaelewa tu.

Nianze na Makena. Makena ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Karimi. Karimi alifariki mtoto akiwa darasa la tatu, na baba yake tulikuwa tumeshasahau hata sura yake. Nikamlea mimi. Nilimsuka nywele za kwenda shule kwa mikono hii ya kufunga miraa, akachekwa na darasa zima, akarudi nyumbani akaniambia nijaribu tena. Nikampeleka shule kule Kaaga, akasoma, akapata kazi Embu. Sina mtoto mwingine. Ukitaka kuniua, mguse huyo.

Sasa, kwa nyumba yetu kule Igembe, upande wa Maua, siku ya harusi kuna kitu hakiwezi kukosa. Kaka wa mama anamlisha bibi harusi asali mbele ya watu wote. Akishameza, basi, ameruhusiwa kwenda popote anko anaposema aende. Kabla hajameza, msichana ni wa anko. Anko akisema anaenda kwa mume, anaenda. Anko akisema "turudi nyumbani," wanarudi, na hata kama kuna askofu pale atafunga kitabu chake. Si mimi niliyetunga. Nilizaliwa nikaikuta hivyo.

Bwana harusi anaitwa Ireri, kijana wa Gachoka, anafanya kazi ofisini na kompyuta. Mtu mzuri, sina neno naye, ila anapenda mpango kupita kiasi. Wewe unajua harusi zetu hazina mlango. Zamani tulikuwa tunawaita wazee kwa kibunda cha miraa kilichofungwa vizuri kwa ganda la mgomba. Ukikipokea unajua umeitwa, na ambaye hakukipokea anakuja pia, si ni jirani? Ireri akakataa katakata. Alisema harusi ya kaka yake walikuja watu wa soko zima na masoko ya jirani, na bibi harusi akala biskuti. Kwa hivyo yeye akachapisha kadi, na kwa kila kadi kuna ule mraba wa madoa meusi unaopigwa na simu. Ukifika getini, msichana anauelekezea simu, jina lako linatokea, rangi ya kijani, unaingia. Ukishatumika umetumika. Ukija nao mara ya pili ni nyekundu, na kuna mabaunsa.

Yangu iliandikwa "Mjomba wa Bibi Harusi" kwa maandishi ya dhahabu. Nilitamba nayo Maua nzima. Hata wale wafanyabiashara Waislamu wa pale stendi, watu wasiopenda kelele, niliwaonyesha.

Jumamosi yenyewe, jamaa zetu walitangulia na basi kwenda kanisani Embu. Mimi nikasema nitawakuta uwanjani Gachoka, kwa sababu nilitaka kuwapelekea wazee wa Mbeere, watu wa kwao Ireri, miraa iliyochumwa asubuhi hiyohiyo. Mkono mtupu haulambwi, na miraa ya jana ni ya kumpa adui. Nikafunga mabunda, nikaweka kibuyu cha asali kwenye kiti cha mbele, nikatundika koti langu jipya nyuma ya kiti, nikaondoka. Na mimi mwenyewe nilikuwa natafuna. Hilo nakwambia kwa sababu yeyote aliyewahi kutafuna anajua: mdomo unakosa breki. Unaweza kumweleza mti maisha yako yote.

Pale daraja la mto Thuchi, kabla ya kuingia Embu, kulikuwa na mzee amesimama kando ya barabara. Mrefu, viatu mkononi, kovu jeupe limepita juu ya jicho la kushoto. Hakupunga mkono. Alisimama tu. Mimi nikasimamisha gari, na mpaka leo sijui ni kwa nini, maana siku ya harusi nani anabeba watu?

"Muga," akanisalimia, kwa Kimeru cha mtu aliyekiokota njiani.

"Muga, mzee. Panda. Unaenda wapi?"

"Mbele," akasema.

Nikampenda palepale. Mtu wa maneno machache ndiye rafiki mzuri wa mtu wa maneno mengi. Kabla hatujafika Runyenjes nilikuwa nimeshamweleza Makena ni nani, Karimi alikufaje, Ireri anaringa vipi na kadi zake, na anko anavyomlisha bibi harusi asali. Nilimweleza hata hadithi ya siku tulipomzika Karimi. Makena alipanda juu ya mti wa miraa na akakataa kushuka. Nikapanda kumfuata. Sasa matawi ya miraa ni ya kubeba mtoto, hayabebi mtu kama mimi, na tukaanguka wote wawili, pu, na yule mtoto ambaye hakuwa ametoa sauti tangu jana yake akaanza kucheka. Tulilala pale chini tukicheka huku tunalia. Hiyo hadithi tulikuwa nayo sisi wawili tu duniani. Na mimi nikampa mtu wa kando ya barabara, bure.

Akachukua kadi iliyokuwa juu ya dashibodi. Akaigeuza. Akaweka ukucha wake juu ya ule mraba.

"Na hii ni nini?"

"Hiyo ndiyo mimi," nikamwambia, najisikia raha. "Siku hizi getini hawaulizi jina wala hawaangalii uso. Wanaangalia hiyo. Aliye nayo ndiye mimi."

"Hata mimi?"

"Hata mbuzi," nikacheka.

Hakucheka. Akauliza tena polepole, kama mtu anayetaka kusikia vizuri. "Nikiwa nayo, mimi ni wewe?"

"Ndio, mzee wangu. Wewe ni mimi."

"Na huyo anko, akishamlisha asali, anaweza kumpeleka popote?"

"Popote," nikasema. Na nikaongezea gari mwendo.

Ulimi hauna mfupa, jamani.

Embu mjini nikaingia kituo cha mafuta. Nilienda chooni dakika chache tu. Niliporudi mlango wa abiria uko wazi, mzee hayupo. Kadi haipo. Kibuyu cha asali hakipo. Koti langu jipya halipo. Alichoacha ni viatu vyake, vimewekwa vizuri kwenye kiti changu cha dereva, vimekauka matope. Nilitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Lakini sikuogopa, kwa sababu Makena alikuwa amenitumia picha ya kadi ileile kwenye simu. Nikasema moyoni, mwizi mjinga huyu, ameiba karatasi. Nikavitupa viatu nyuma ya kiti nikakimbiza gari kuelekea Gachoka.

Kwenye kizuizi cha barabarani kuna askari tunayejuana miaka yote, kila siku ananitania kuhusu tumbo langu. Siku hiyo aliniangalia akasema, "Pita polepole, guka." Guka? Mimi niitwe babu? Nikadhani ameanza utani mpya.

Getini Gachoka kulikuwa na tao la maputo, msichana na simu yake, na mabaunsa wawili wamevaa miwani myeusi. Ndani muziki, hema jeupe, harufu ya nyama. Nikatoa simu yangu, msichana akaipiga. Nyekundu.

"Guka, hii imeshatumika," akasema kwa upole. "Mjomba ameshaingia. Ameketi meza ya mbele."

"Mjomba ni mimi."

"Mashine inasema ameingia, guka."

"Kuna mwizi ameingia na kadi yangu. Niitie Kithinji."

Kithinji ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Nilipomwona anakuja na tai yake ya kamati nilishusha pumzi. Nikamwambia, "Kithinji, hebu waambie hawa." Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama mtu sokoni anayeangalia mbuzi ambaye hana nia ya kumnunua.

"Mzee, jina langu umelijuaje?"

Niliona ni mzaha. Kisha nikaona si mzaha, na hasira yangu, ambayo huwa haina hodi, ikapanda. Nikamshika tai nikamvuta. "Mimi ni kaka yako, mpumbavu wewe."

"Kaka yangu ameketi na bibi harusi pale ndani," akasema. "Wewe ni nani?" Na akanipiga kofi. Kithinji. Tangu utotoni ni mimi ninayempiga Kithinji.

Baunsa mmoja akanikaba shingo, akanigeuza uso kwa uso naye, na hapo ndipo nilipojiona kwenye ile miwani yake myeusi. Niamini ninachokuambia. Nilimwona yule mzee. Kovu jeupe juu ya jicho la kushoto, mashavu yameingia ndani. Nilifungua mdomo, na yeye kwenye miwani akafungua mdomo.

Wakaniangusha. Walinipiga mateke ya mbavu, walinipiga rungu mgongoni, na mtu mmoja ambaye hata hakunijua, mgeni tu aliyekuwa na sahani ya pilau mkononi, aliiweka sahani chini vizuri, akanikanyaga vidole, akachukua sahani yake akarudi ndani. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Na nikiwa pale kwenye vumbi, damu puani, nikasikia spika za harusi. Nikasikia sauti yangu. Sauti yangu mimi, na kicheko changu, inasimulia watu wa Mbeere jinsi mimi na Makena tulivyoanguka kutoka kwenye mti wa miraa siku ya mazishi ya mama yake.

Kupitia matundu ya uzio nikamwona Makena. Amevaa gauni jeupe, analia na kutabasamu pamoja. Na mbele yake, na koti langu, na tumbo langu, na uso wangu, nimesimama mimi nimeshika kibuyu cha asali. Miguuni hana viatu. Watu wote wale, hakuna aliyeangalia miguu?

"Fungua mdomo, mama," sauti yangu ikasema. "Ukishameza, mimi na wewe tunaenda nyumbani."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani wa anko. Mimi nilijua si utani, na nilijua nyumbani kwa yule si Maua.

Sikufikiri tena. Nilimng'ata baunsa mkono mpaka nikahisi mfupa, nikachomoka, nikaruka kwenye pikapu. Sisi watu wa miraa tunachekwa kwa mwendo wetu, lakini siku hiyo ningetaka uwe shahidi. Nilibonyeza honi nisiiachie, watu wakatawanyika, nikapita katikati ya lile tao. Maputo yakapasuka kama risasi. Meza ya keki ikaenda, viti vikaenda, spika moja ikapanda juu ya boneti ikavunja kioo cha mbele. Sikugonga mtu, namshukuru Mungu kwa hilo kila Jumapili. Gari likasimama mita chache kutoka meza kuu, nikashuka mbio.

Kijiko kilikuwa kimeshaingia mdomoni mwa Makena. Nilimwona amefunga mdomo, shavu limejaa. Hajameza bado. Ungefanya nini wewe? Niambie. Nilimpiga mpwa wangu kofi la mdomo, kwa nguvu zangu zote, mbele ya watu wote. Asali na damu vikatoka pamoja vikamwagika juu ya lile gauni. Mdomo wake wa juu ulipasuka. Alama ile anayo mpaka leo.

Ireri akanivunjia kiti mgongoni. Ni haki yake. Hata mimi ningefanya hivyo. Lakini nilikuwa nimeshamshika yule mwenye uso wangu, nikarusha ngumi, hii ngumi ya kulia, ikamkuta mdomoni sawasawa. Meno mawili yakadondoka. Yalidondoka kutoka mdomoni mwangu. Nikayaona kwenye majani, na nikahisi damu inanijaa kooni, na yule akaniangalia bila hata mkwaruzo, akacheka kicheko changu.

Nikampiga tena kwa sababu mimi ni mtu wa kupiga kwanza. Pua yangu ikavunjika. Nikampiga tumboni, nikapiga magoti mimi. Kila nilichompa kilirudi kwangu, na huku mabaunsa wananipiga kwa nyuma, na Kithinji ananipiga kwa pembeni, na Makena anapiga mayowe, "Mtoeni! Mtoeni anamuua anko!" Anko ni mimi, Makena. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu.

Yule akainama akanong'ona sikioni mwangu, "Wewe mwenyewe ulisema."

Na hapo nikakumbuka kadi. Kona yake ilikuwa imechungulia kwenye mfuko wa koti. Nilijua siwezi kumpiga. Nilijua pia siwezi kukimbia nayo, kulikuwa na watu kumi juu yangu. Nikaichomoa kwa mkono uliokanyagwa vidole, nikaitia mdomoni nikaitafuna. Ndiyo kazi ninayoijua zaidi duniani, kutafuna. Karatasi nene, wino wa dhahabu, damu, kipande cha jino. Wananipiga tumbo nitapike, mimi natafuna. Nikasema, kwa mdomo uliojaa hivyo, "Hii si mimi. Nilisema uongo. Mimi ni kaka wa Karimi." Nikameza.

Kipigo kikakoma mara moja. Kithinji alikuwa ameinua mkono, akabaki ameuinua hewani. "Kaka?" akasema.

Wote wakageuka. Kwenye koti langu, ambalo sasa lilimning'inia, alikuwa amesimama mzee mrefu, mwembamba, na kovu juu ya jicho la kushoto, miguu pekupeku.

Unawajua watu wetu. Hakuna aliyeuliza swali. Mmoja alisema "mchawi", na neno hilo likazunguka hema zima kabla hajafunga mdomo. Wakavunja viti wapate miguu ya viti. Wakachukua mawe. Mama mmoja wa kanisa, mpole kabisa, alikuja na mwiko wa pilau. Jiwe la kwanza likampata yule mzee begani, na mfupa wangu wa bega ukavunjika. Nilisikia ukilia.

Kumbe uso ulikuwa umerudi, lakini maumivu yalibaki ya wawili. Wakampiga rungu la goti, mimi nikaanguka. Wakampiga mwiko kichwani, mimi nikaona giza. Na nikasikia mtu anaitisha petroli.

Kwa hivyo nikafanya nini? Nikajiburuta kwa tumbo katikati ya miguu ya watu, nikamkumbatia yule mzee miguu yake ya vumbi, nikapiga kelele, "Msimpige. Nawaomba kwa jina la Mungu, msimpige, mwacheni aende." Nililia kama mtoto. Watu wakashangaa, wakasimama, na wale wa nyuma wakaanza kushusha mawe. Nikainua macho nikamwona Makena, amesimama na ile damu kwenye gauni, ananiangalia ninavyomtetea mchawi aliyetaka kumchukua. Kwa nini anko wake wa kweli afanye hivyo? Nilimwona kabisa akijiuliza hilo.

Mzee akachukua kibuyu chake, yaani changu, akapita katikati ya watu. Walimpisha. Akashika njia ya kichakani, hana haraka. Hakuna aliyemfuata.

Harusi iliisha hapo. Walioana, ndiyo, kanisani walikuwa wameshaapa, na Ireri amemtunza vizuri. Mimi nililala hospitali wiki nyingi. Bega limepona vibaya. Lakini hayo si kitu. Kitu ni kwamba yule bado anatembea huko aliko, bila viatu. Kuna asubuhi naamka na miiba kwenye nyayo. Naamka Maua kitandani kwangu, na kuna mwiba wa mgunga wa Mbeere kwenye kisigino. Siku moja niliamka mgongo wote una alama za fimbo, nikajua kuna mtu mahali fulani amemfukuza shambani kwake. Viatu vyake nilijaribu kuvichoma, nikaungua nyayo nikatembelea magongo mwezi mzima. Baadaye nikavipeleka pale daraja la Thuchi nikaviweka kando ya barabara, ili avae tupumzike wote wawili. Kila nikipita navikuta palepale.

Na Makena.

Amejifungua mtoto wa kike, wakampa jina la Karimi. Nilienda Embu kumwona. Nilichukua asali mpya na nguo za mtoto. Nikabisha. Nikasikia miguu yake inakuja mpaka mlangoni halafu ikasimama.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Anko."

Mtoto alikuwa analia huko ndani.

"Sema kitu ambacho anko wangu tu anakijua," akasema.

Nikafungua mdomo kusema habari ya nywele. Nikakumbuka nilimwambia yule mzee, tulipopita Runyenjes. Nikatafuta habari ya barua aliyoniandikia akiwa Kaaga, ya kuku aliyempa jina langu, ya usiku wa surua. Zote nilizisema ndani ya lile gari. Nikabaki na mti wa miraa, na ule mti Makena aliusikia ukisimuliwa kwa spika, na sauti hii hii, na akafungua mdomo wake kwa sababu ya huo mti. Siku moja nilikuwa na mtoto na hadithi za miaka yote, na kutoka mto mpaka mjini nikazimaliza kabisa.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na neno. Nilisimama pale na kibuyu, nimenyamaza.

Akasubiri. Alisubiri muda mrefu, haki ya Mungu, alinipa nafasi. Kisha nikamsikia analia, na nikasikia anasukuma komeo la pili.

"Anko wangu," akasema kutoka ndani, "hajawahi kunyamaza hivyo."

Niliacha vitu mlangoni nikarudi Maua. Kithinji anasema nguo mtoto anavaa, lakini asali waliimwaga.

Kwa hivyo ukipata kadi yenye ule mraba, iweke mfukoni uende harusini, ule, ucheze, urudi. Usimwonyeshe mtu wa njiani, na hata kwa mzaha usimwambie kwamba hiyo ndiyo wewe. Na kama kuna mtu unayempenda, bakisha kitu kimoja kati yenu ambacho hujawahi kumsimulia mtu mwingine, hata kiwe kidogo. Mimi sina. Na ukimwona Makena pale Embu, ana alama mdomoni, mwambie umenisikia nikiongea.